Kigari Alichokichagua Wifi

Baba Gaudens,

Wali uko kwenye hotipoti, mchuzi upashe moto. Ukimaliza funga mtungi wa gesi. Nepi zianue kabla ya mvua.

Asubuhi wifi Candida alikuja kumwona mtoto, akaniuliza, "Umekipenda kigari cha kumsukumia mtoto nilichokuchagulia?" Wewe uliniambia vya matairi matatu nilivyovitaka vimeisha Kariakoo. Kumbe vilikuwepo. Ulimwambia dada yako, "Chagua wewe tu, mke wangu bado yuko ndani, atajuaje?"

Nilikuwa ndani kwa sababu ya arobaini, na mama yako ndiye aliyeisimamia. Uliahidi nikitoka tutaenda kuchagua pamoja. Leo nimetoka. Hicho chenu cha matairi manne madogo kilizama mchangani pale kwa muuza mkaa, mtoto akalia, vijana wa kijiweni wakaja kukinyanyua.

~~Usinitafute.~~ Mtoto nimembeba kwa khanga, tuko Msimbazi, kwenye duka mlikokinunua. Kigari nimekiacha hapo mlangoni. Kisukume mwenyewe kutoka hapo Magomeni, uje ukibadilishe mbele yangu. Usipande bajaji. Ina matairi matatu, na nyie hamyataki.

Mama Gaudens