Hatua za Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Hapa Kanyenye sote wazima, na mbuzi wako kazaa pacha. Umeniuliza kama lile neno la Kiingereza mlilofundishwa, limp, maana yake ni kule kuchechemea kwa babu yako. Ndiyo hasa.

Enzi za Mwingereza niliposwa na wawili. Mimi nilimtaka fundi viatu anayechechemea, lakini baba hakuniambia kamkubali nani. Siku ya harusi nikakaa ndani, nimefunikwa kanga gubigubi. Mara nikasikia bwana harusi anaingia: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzika. Nikacheka!

Somo yangu aliyenifunda akanifinya. "Lia, wewe! Bi harusi hacheki!"

Ningeliaje?

Mwalimu akiuliza maana ya neno hilo, mwambie ni ile sauti inayomfanya bibi yako amimine chai kabla mlango haujafunguliwa.

Bibi yako