Daftari la Majina la Babu

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini umefika salama, na wifi na watoto hawajambo. Sisi huku tupo. Mama anakula kidogo. Mimi nakula kama kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi. Tangu tumzike Babu sijalia. Nafua, napika, nafagia. Watu wananisifu eti nimejikaza. Nawaacha waseme.

Leo nimetoa nguo zake kabatini. Sare ya jeshi ameichukua mama, mimi nimebaki na daftari la majina. Mtu kastaafu miaka thelathini, bado kila asubuhi anatupanga sebuleni, anatuita mmoja mmoja! Fundi cherehani wa jirani aliwahi kumuuliza kama hii ni nyumba au kambi. Babu akamjibu kwamba vitani aliacha kuita majina siku moja tu, na jioni kijana mmoja hakuonekana, wala hakuna aliyejua alipotelea wapi. Na ni Babu huyo huyo aliyenisuka nywele mama alipolazwa, mistari imenyooka kama gwaride.

Ulipohama hakukufuta. Alikuita kila siku, nami nikajibu kwamba uko safarini. Mara mbili uliahidi kuja. Mara mbili alinyoa ndevu, akavaa buti, akakaa mlangoni mpaka chai ikapoa, na mimi ndiye niliyemvua buti hizo. Sikulaumu, kazi ni kazi.

Sasa nisikilize, kaka. Siku ya mazishi uliniuliza kama Babu alifurahi aliposikia unakuja Jumamosi. Nikakwambia alicheka mpaka akakohoa. Nikakuona unashusha pumzi. Nilikudanganya. Sikumwambia. Nilisema moyoni, safari hii simvui mtu buti; mjukuu wake akija, atamwona. Ijumaa asubuhi aliita majina akiwa kitandani. Alipofika kwenye jina lako aliniuliza kama nadhani atakuona tena. Nikasema sijui. Siku nilikuwa naijua, hata basi utakalopanda nilikuwa nalijua. Akaita jina langu, nikaitika. Adhuhuri akafariki.

Mama anakusalimu. Hili halijui, ukitaka kumwambia, mwambie. Nisalimie wifi na watoto. Ukichelewa kunijibu nitaelewa, ila usiache kabisa.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike