Baba Aliyekuja Kusoma

Jumamosi, 8 Machi 2025
Leo kwenye darasa letu la kanisani Reine kasoma ukurasa mzima! Yeye na binti yake Monique, kichwa kwa kichwa. Mtoto anaanza mstari, mama anamalizia. Tukapiga makofi mpaka wanakwaya wa chumba cha pili wakachungulia. Adyero, ninayefundisha naye, akapiga picha. Reine akajifunika uso na kitenge — hataki picha. Jioni naiona kwenye Facebook ya kanisa! Nimempigia Adyero, kaitoa. Lakini watu walishaiona.

Jumatano, 12 Machi
Simu ya mwanaume. Anselme. Mkongo mwenzangu, Kiswahili cha Goma, sauti ya upole. Anataka kusoma pamoja na binti yake. Baba! Kwenye darasa letu la familia hapa ugenini Kyebando wanakuja akina mama na bibi tu. Nikafurahi, nikamwelekeza mpaka mlangoni.

Jumamosi, 15 Machi
Kaja peke yake. Shati limepigwa pasi. Mtoto atakuja, anasema. Kakaa akitazama mlango. Nikampa kitabu cha wanaoanza, anakishika kama hajui — lakini nilipokosea neno ubaoni, yeye ndiye aliyetabasamu kwanza. Huyu anajua kusoma.
Tukipanga viti kaniuliza: yule mama wa kwenye picha, leo hayupo? Nikasema mtoto wake ana homa. Kwa nini nilimjibu!

Jumapili, 16 Machi
Baada ya ibada nimepita kwa Reine. Alikuwa anamenya ndizi za matoke. Nikamsimulia kuhusu mgeni wetu. Akauliza tu: kidole chake kidogo, cha kushoto, hakinyooki? Nikasema hakinyooki. Kisu kikamtoka.
Ni baba wa Monique. Alimchukua binti yao mkubwa, eti anampeleka kwa shangazi yake Bukavu. Shangazi hajamwona mpaka leo. Reine akakimbia na huyu mdogo mgongoni. Monique hata sura ya baba yake haijui.
"Kahambu, dada yangu, usiseme ninapokaa." Sitasema.

Jumanne, 18 Machi
Mume wa Adyero, Okwir, ni polisi. Tumemweleza. Anasema mtu kuja darasani si kosa. Akirudi, mnipigie. Afande mzima, jibu ndilo hilo!

Alhamisi, 20 Machi
Anselme kapiga simu. Mwalimu, Jumamosi tupo? Nikasema tumefunga, mvua imeharibu paa. Akauliza: "Mbona mlangoni mmeandika mpo?" Nikasikia kwaya ikiimba nyuma yake. Alikuwa amesimama pale pale.

Jumamosi, 22 Machi
Naandika hapa hapa darasani, mikono ipate kazi. Jana nilituma ujumbe kwa wote: hakuna darasa. Nusu yao hawawezi kusoma ujumbe! Wamekuja, na sisi tumekuja kuwarudisha. Na jirani wa Reine, aliyeachiwa mtoto, kaja na wanawe — na Monique. Reine yuko sokoni Nakasero, simu hashiki.
Anselme alifika kabla ya wote, hata sisi tulimkuta ndani. Kamwita Monique: njoo usome na mimi, mama. Nikasema Monique anasoma na mimi. "Kwani mwalimu, hili si darasa la familia?" Upole ule ule. Akina mama wakatabasamu. Monique kaketi kando yake.
Nikipiga kelele atamnyakua — mlango uko nyuma yake. Adyero katoka kumpigia Okwir. Karudi, kaninong'oneza: yuko mbali, Lubaga, anakuja, barabara imejaa magari.
Monique anasoma silabi kwa silabi. Kitabu chenyewe chembamba. Sijawahi kuomba mtoto akwame kwenye neno. Leo naomba. Hakwami! Kafika mwisho, kaniangalia, meno yote nje. Makofi.
Vizuri sana, mama, nimesema. Sasa rudia toka mwanzo.
Kafungua tena. Anselme kaweka kiganja juu ya ukurasa.
"Inatosha," anasema. "Kingine tutasoma nyumbani."
Anainuka. Kamshika mkono. Naacha kalamu nikazibe mlango —