Kundi la Siri na Friji ya Chanjo

Jumatatu jioni, nyumbani Pasiansi

Hapana, Masanja amekosea. Mdogo wangu huyu anashinda kutwa kwenye magemu yake ya anga, na leo ameshikilia kwamba kundi moja la siri humo ndani ya gemu, linalofanyia watu majaribio, ni la wataalamu hasa.

"Wataalamu gani?" nikamuuliza. "Kila maabara yao unayoingia, madude yameshatoroka na wenyewe wamekufa."

"Lakini dada, madaftari yao yameandikwa vizuri. Kila ukurasa unasema hali ni shwari."

Nilicheka. Kisha nikakumbuka ya kazini leo, chai ikanishinda.

Asubuhi, pale zahanati Mkolani, tulishachanja watoto tisa ndipo nikatazama kipimajoto cha friji ya chanjo. Nyuzi kumi na sita, na ikizidi nane chanjo huharibika. Mlinzi akasema umeme ulikatika Jumamosi, ukarudi leo alfajiri.

Kwenye chati, Jumamosi na Jumapili zinasoma nyuzi nne, asubuhi na jioni. Nilizijaza mwenyewe Ijumaa kabla ya kutoka, kama tunavyofanya kila wiki. Mwandiko mzuri, hauna hata mkwaruzo.

Inabidi wale watoto waitwe tena. Mganga mfawidhi, mkuu wetu pale, bado sijamwambia, nilitaka kumwambia saa nane, halafu...

Mama wa yule mtoto wa tisa alinishukuru mara mbili.