Tulia Amepanda Lori

Isevya, Tabora
18 Agosti 2024

Mpendwa Kaka Sabiri,

Shikamoo. Unaendeleaje na joto la Maskati? Na lile goti lililopigwa teke na farasi wa tajiri wako, limepona? Sisi hatujambo kwa neema ya Mwenyezi Mungu. Mama anakohoa kidogo, ila nguvu za kugombana na kuku bado anazo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungesingizia mtandao.

Farasi wako ameondoka jana. Mnunuzi wako wa Mwanza alileta lori, na sasa Tulia hayupo. Sijafagia zizi lake na leo sifagii.

Ulipomnunua likizo ile, ukapanga kuja kuwatembeza watalii kwenye njia ya zamani ya misafara, uliniagiza nimzungushe uani tu. Ulisema kumtoa nje hakuna faida, atavunjika mguu bure. Nami nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu, sitoki hata kwenda dukani kwa kuogopa midomo ya watu. Naye Tulia akisikia bodaboda langoni anatetemeka mwili mzima. Waoga wawili, ua mmoja.

Basi nikamtoa. Kwanza nilimkokota hadi kisimani, baadaye nikapanda, tukafika Kwihara. Alinibwaga, tena mbele za watu. Shemeji Yahaya alicheka mpaka akakaa chini, eti mababu zetu walipita njia hii kwa miguu na mizigo vichwani, leo mjukuu wao anabebwa! Nikacheka na mimi, nikapanda tena.

Nilimzoesha mifuko inayopeperuka, honi, hata malori. Likija lori nasimama naye kando ya barabara, namsugua shingo mpaka lipite. Mwishowe tukawa tunapita mbele ya duka la yule aliyenipa talaka, nami namsalimia wa kwanza. Hiyo ndiyo faida uliyosema haipo, Kaka.

Uliposema unamuuza nilikueleza haya yote, ukanijibu kwamba farasi si mtu. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini simu yako ya mbali imeniondolea farasi. Nimeumia, na sitakuficha.

Jana walimvuta kwa kamba, akagoma. Mmoja wao akaokota fimbo. Sikuweza kutazama. Nikashika hatamu mwenyewe, nikamsugua shingo kama tulivyozoea barabarani, akanifuata juu ya ubao hadi ndani ya lori, hata hakusita. Nikashuka, wakafunga mlango. Alilia mpaka lori likakata kona.

Mama anakusalimu sana, pia Yahaya na Dada Shamila. Mungu akulinde huko uliko, akujalie mtu wa kukuamini kama Tulia alivyoniamini mimi, na asikufikishe siku ya kumpandisha lori.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda bado, ila leo kwa shida,

Ummy