Bunduki Moja, Wanunuzi Wawili

Jumatatu, 3 Februari

Nimesafisha bunduki. Nimekunywa chai. Vumbi mpaka ndani ya kikombe. Kisha tukatoka na ng'ombe, wachungaji mbele, mimi na Musa nyuma. Kazi ni ile ile: kulinda mifugo ya ranchi isiibwe.

Musa amerudi kutoka sokoni Nanyuki. Nduguye ni mfanyabiashara wa ng'ombe, kwa hivyo husikia mambo mapema. Anasema watu hawazungumzi juu ya mvua tena, wanazungumza juu ya ile bunduki mpya ya masafa marefu. Mwaka jana bei yake ilikuwa ng'ombe kumi. Sasa ni thelathini na haipatikani. Zimeingia chache na kila jambazi anaitaka.

"Ndirangu, unaelewa maana yake?" akaniuliza. "Anayeitaka ni lazima kwanza aibe."

Nikamwambia aache kunitisha kabla sijala.

Jumatano, 5 Februari

Musa amekufa.

Asubuhi, karibu na mto. Alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka akaanguka. Mlio nikausikia baadaye, kutoka kilimani, mbali sana. Nilidhani amejikwaa. Nilikuwa naanza kucheka.

Kifua chote wazi. Nilikandamiza kwa shati langu. Halikusaidia kitu.

Wakatokea wengine kichakani na kuwaswaga ng'ombe. Mchungaji mmoja akakimbia kuwazuia, naye akapigwa begani kutoka kilima kile kile. Nilifyatua risasi zote. Niliona vumbi la risasi zangu likiruka katikati ya njia. Hazikufika hata nusu. Aliyekuwa juu akasimama wima, bila kujificha, akatutazama. Alijua hatumfikii.

Nimenawa mikono mara nyingi. Kucha bado zina damu.

Alhamisi, 6 Februari

Tumemzika Musa Nanyuki. Halima, mkewe, aliniuliza kama alisema neno. Nikamwambia alimtaja yeye. Musa hakusema chochote. Hakupata nafasi.

Jumamosi, 8 Februari

Nilienda kwa meneja. Nikamwambia tupewe bunduki inayofika mbali au tuache kazi. Akasema ameuliza kwa muuzaji halali Nairobi. Hata huko hazipo, kuna foleni, na bei imepanda maradufu. Tungoje.

Nilipiga meza yake mpaka kioo kikapasuka. Hakunifukuza. Nadhani aliogopa.

Jumapili, 9 Februari

Nyumbani, Chaka. Mke wangu, Nyambura, alikuwa kanisani. Nikaenda buchani kwa kaka yake, Kariuki, kununua nyama. Nikapita nyuma kunawa mikono.

Ngozi zilikuwa zimeanikwa uani. Mbili zilikuwa na chapa ya ranchi yetu. Mwezi mchanga, paja la kushoto. Chapa hiyo mimi mwenyewe nimeishikilia ikiwa nyekundu ya moto.

Kariuki alinikuta nimezishika. Hakukana. Akafunga mlango wa uani, akanivutia kigoda, akanikatia mbavu.

"Shemeji, mimi sijaua mtu," akasema. "Mimi naletewa ng'ombe, natoa bunduki. Watakachofanya nayo ni shauri yao."

Nikamwambia Musa amezikwa.

"Ndio maana nakwambia chukua moja. Imebaki moja tu. Kuna watu wanaipigania. Wewe ni wa nyumbani, sitaki ng'ombe. Wacha tu lango la ranchi la mtoni wazi siku moja."

Nilitaka kumtia kisu. Kilikuwa pale mezani.

Na niliitaka ile bunduki. Hapa hakuna atakayesoma, kwa hivyo naandika: niliitaka kuliko nilivyotaka kumkamata. Nilishamwona yule wa kilimani akianguka.

Nikasema nitafikiria. Nikabeba nyama. Nyambura akaipika. Mimi sikula.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeenda kwa inspekta, Nanyuki. Mama mmoja mtulivu. Nimemwambia yote, isipokuwa kwamba niliitaka.

"Mkeo anajua?"

"Hapana."

Akasema nimwambie Kariuki niko tayari, ila lazima niijaribu bunduki kwanza. Kesho, machimbo ya zamani ya mawe, nje ya Chaka. Polisi watajificha kwenye miti ya miwati.

Kariuki alifurahi kwenye simu. Akasema niwasalimie watoto.

Jumanne, 11 Februari



Kariuki alikuja na pikapu. Bunduki ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi. Nyepesi kuliko nilivyodhani. Akanionyesha jinsi ya kuijaza risasi, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kuendesha gari. Kabla polisi hawajatoka, gari jingine likashuka. Mtu mrefu, koti jeusi.

Akaona bunduki mikononi mwangu. "Hiyo ni yangu. Nilileta thelathini."

"Ilikuwa thelathini," Kariuki akamjibu. "Sasa ni arobaini. Ongeza kumi ama uende."

Ati hivyo tu. Kama mtu anayeuza viazi. Yule mtu akatoa bastola akampiga tumboni.

Polisi wakatoka wakifyatua. Yule mtu akampiga askari mmoja usoni. Nilimwona akikaa chini taratibu, amejishika taya ambayo haikuwepo. Mawe yanaruka. Kariuki anapiga kelele. Kisha yule mtu akaanza kukimbia, akapanda ukingo wa ng'ambo, akapotea, akaonekana tena mbali kwenye malisho. Bastola ilikuwa imemdondoka. Risasi za polisi hazikumfikia.

Nikalala chini. Nikamtazama kwa darubini ya ile bunduki. Akawa karibu kama mtu wa mezani kwangu. Alikuwa amechoka. Alisimama akajifuta jasho kwa mkono wa koti. Inspekta alikuwa akipaza sauti, "Usipige! Gari letu linazunguka mbele yake!"

Nilisikia. Nikapiga.

Ilikuwa rahisi. Hilo ndilo linalonitapisha. Niliona kichwa chake kikifunguka na sikusikia chochote moyoni.

Tulimpakia Kariuki kwenye pikapu yake, tukashika barabara kwenda hospitali ya Nyeri. Nilimshika matumbo yasitoke. Alikuwa na baridi.

"Shemeji," akasema, "usikubali polisi wakuone na hiyo kitu. Potea."

Alidhani polisi walifika kwa bahati tu. Alikuwa ananiokoa. Akafa kabla ya hospitali.

Jumatano, 12 Februari

Nimeandikisha taarifa. Nilimwuliza inspekta kama niliyemuua ndiye aliyekuwa kilimani. Akasema hajui, na pengine hatutajua. Pale malishoni, akasema, angekamatwa akiwa hai na angesema mengi.

Bunduki wameifungia. Simu ya Kariuki ilikuwa juu ya meza ya inspekta na haikuacha kuita. Wanunuzi. Akajibu mmoja bila kusema neno, akaweka sauti nje. Mwanamume akasema atatoa ng'ombe hamsini, leo, bila maswali.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwambia Nyambura. Alikuwa anafua.

"Wewe ndiye uliyewaita polisi?"

"Ndio, mimi."

Alinipiga kofi. Tena. Tena, kwa mikono yenye sabuni. Sikujikinga. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilimweleza habari za Musa. Akasema alimjua Musa, alimpikia, na mimi ningeweza kumwambia yeye kwanza. Angemnasua kaka yake. Labda ni kweli. Labda Kariuki angetoroka na bunduki ingeuzwa.

Sijui. Namchukia Kariuki. Nimemlilia bafuni.

Jumatano, 19 Februari

Mazishi, kwao Mukurweini. Mvua ndogo. Mama mkwe alinishika mkono mbele ya watu wote akanishukuru kwa kuwa sikumwacha mwanawe afe peke yake barabarani. Nyambura alikuwa kando yangu. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alitazama chini.

Mama akaniletea sahani mwenyewe. "Kula, Baba Muthoni. Umekonda."

Nikala.

Jumapili, 23 Februari

Nyambura amebaki Mukurweini na watoto. Hakusema mpaka lini na sikuuliza. Nimepeleka barua ya kuacha kazi.

Ng'ombe wetu amezoea mkono wa Nyambura. Leo asubuhi alinipiga teke, akamwaga maziwa kidogo niliyokuwa nimepata. Nilingoja. Nikapasha maji moto, nikamkanda kiwele kwa kitambaa, nikaanza upya, polepole. Mlima ulikuwa umefunguka wote, bila wingu, theluji kidogo juu.

Akatoa ya kutosha chai ya mtu mmoja.