Sikio la Théodore na sirene ya usine

Unakumbuka Jumatatu ya kwanza ya Septemba 1993, Rolly? Siku sirene ya kiwanda, ya usine yetu, ilikatala kulia. Nimetoka kwa mwenzetu Théodore sasa hivi, bado anaisimulia!

Unajua ugonjwa wake wa sukari. Sikio lilikuwa linatoka usaha, anaficha, analimwangia mawese ya moto kidogo. Halali kwa maumivu, lakini kazi haachi.

Asubuhi ile anaamka, jua liko juu, sirene ya kuita watu kazini hakusikia. "Yesu! Nimekuwa kiziwi!" Akakimbia dispansere na pijama. Na pijama, Rolly!

Mama Arielle, muuguzi, akamuambia: "Tata, hata minye sikuisikia. Usine ndiyo imekufa, si sikio."

"Usinidanganye, mama! Sirene haiwezi kufa!"

Haiwezi kufa! Wakubwa wa usine wameiba yote, wameuza mpaka nyaya, yeye anashitaki sikio lake!

Ila Arielle akachungulia, akaziba pua. "Tata, hili limeoza. Muntu wa sukari hachezi na sikio, ugonjwa unaingia mpaka mufupa wa kichwa." Akaomba dawa kwa masista, akamuchoma sindano wiki na wiki mpaka likapona.

Sasa leo ananiambia anashukuru wakubwa! Eti sirene ingelia, angeenda kazini na sikio lile, angekufa.

Kuniambia minye! Minye niliyezika bibi, mama ya watoto wangu, mwaka uleule, hospitali ya usine haina hata kidonge!

Nimeinuka, nikatoka bila kumuaga. Rolly, weye ungemujibu nini: wale wezi walimuponya, ao hapana?